Ukurasa Uliokatwa Kwenye Mwongozo

Jumatatu, 3 Machi 2003. Gitega

Umeme umekatika tena mchana. Nimeandika kwa mkono hatua za kuingiza disketi, kisha nikazipiga chapa uliporudi. Mwongozo unakaribia kwisha. Bahati na mimi tunakiita kitu chenyewe kipachiko, maana kinapachikwa ndani ya programu ya majedwali ambayo ghala la dawa la Muyinga linaitumia tayari. Kazi yake ni moja: kinaangalia dawa ambazo kila kituo cha afya kimetumia, kisha kinasema kipelekewe kiasi gani. Bahati amekitengeneza, mimi nakieleza. Kifaransa upande huu, Kirundi upande ule. Ni kazi nzuri. Sioni haya kusema hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Bahati amegundua kasoro. Umeme ukikatika mara kwa mara, betri ndogo ndani ya kompyuta kuukuu inakufa, na tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kipachiko kinaiamini tarehe hiyo. Dawa zilizotumika mwezi huu hakizioni kabisa. Kinaandika sifuri. Hakuna onyo kwenye kioo. Kurekebisha kutamchukua wiki kadhaa. Kwa sasa nimeandika ukurasa mzima, herufi nene: kabla ya kubonyeza chochote, tazama tarehe. Nimeuweka mwanzoni kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa ofisi yetu ya mradi ameukata ukurasa wa tarehe. Eti wafadhili watasoma. Eti mwongozo hautangazi ubaya wa kitu chake. Nikamwambia mtunza ghala naye atasoma, na ndiye ulioandikiwa. Akatabasamu.

"Zuhura, we uko secrétaire. Hauko ingénieur."

Karani, si mhandisi, yaani. Bahati alikuwa amekaa pale pale, akitazama viatu vyake. Ni Mkongomani wa Uvira, mkimbizi, na ofisi hii ndiyo inayomdhamini akae mjini. Simlaumu. Namlaumu kidogo. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Yoba, nikaswali adhuhuri, nikaswali vibaya, kichwa kimejaa majibu niliyopaswa kuyatoa.

Ijumaa, 14 Machi

Mwongozo umetoka kwa mpiga chapa. Jalada la kijani. Jina la Mkuu juu, kwa herufi kubwa. La Bahati halimo. Langu halimo. Kukawa na fanta na hotuba. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Mikono yangu inanikera hadi sasa.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Milio ya risasi tangu alfajiri, milima ya upande wa Karuzi. Barabara ya Muyinga imefungwa. Laini ya simu ya Muyinga imekufa. Nimeomba kutumia redio ya ofisi nizungumze na ghala, niwaambie tu watazame tarehe. Mkuu amekataa. Redio ni ya mambo ya usalama, amesema. Na hili ni nini?

Alhamisi, 10 Aprili

Bahati amekuja nyumbani, jambo ambalo hafanyi. Shangazi yake anauza vitenge sokoni Muyinga, na amerudi leo kwa njia za panya, na habari. Hakuketi.

"Dada Zuhura, kule kituo ya Gashoho kwinini haiko. Hata kidonge. Kwa ghala iko, makatoni yamejaa. Lakini kompyuta inasema Gashoho, zéro."

Mama alimmiminia chai. Ilipoa. Huu ni msimu wa malaria, na kule ni mabonde ya maji na mbu. Nilimwambia Mkuu. Nilimwambia kwa maneno ya wazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeingia kwake bila kubisha. Amesema ni vita, vituo vyote vina shida. Amesema tungoje ujumbe wa ukaguzi mwezi ujao. Mwezi ujao! Homa haingoji ukaguzi.

Nimeupiga upya ukurasa. Kaka yangu Rajabu ametoa nakala kwenye duka lake. Nilisaini chini. Bahati akachukua kalamu, akasaini chini ya jina langu. Sikumwomba.

Jumatatu, 14 Aprili. Muyinga

Barabara imefunguliwa. Kwenye barieri, kizuizi cha jeshi, mwanajeshi alizikuta zile karatasi, akadhani ni za waasi. Akasoma kwa sauti, polepole: kabla ya kubonyeza chochote, tazama tarehe. Akaniuliza hii ni amri ya nani. Nikasema yangu. Akanirudishia.

Mtunza ghala anaitwa Pascal. Mtu mpole, shati limepigwa pasi. Kompyuta yake inasema leo ni Januari 1980. Vituo vya karibu na mji vilipoona sifuri vilikuja kugombana, akavipa kwa mkono. Gashoho njia ilikuwa mbaya, hakuna aliyeweza kuja kugombana. Basi hawakupata.

Alinifungulia mwongozo wa kijani, kidole juu ya kila hatua.

"Nimefuata yote, madamu. Yote."

Ni kweli. Maneno yangu mwenyewe, na ameyafuata yote. Hilo ndilo linalonichoma. Hakukosea popote. Wamemfanya akosee.

Tumerekebisha tarehe, akabonyeza. Gashoho ikajaa namba. Gari limeondoka na makatoni kabla ya alasiri.

Jumanne, 22 Aprili. Gitega

Nimefukuzwa. Kosa: kusafiri bila ruhusa na kuharibu jina la ofisi. Sikujitetea. Bahati hawajamgusa, bado wanamhitaji. Anasema mwongozo utachapwa upya na ukurasa utakuwemo, kwa sababu wafadhili wameuliza. Hawakuniuliza mimi lolote. Hasira yangu sasa haina hata mahali pa kukaa.

Jumatatu, 12 Mei. Gashoho

Bahati amemaliza marekebisho. Tarehe ikiwa mbovu, kipachiko kinagoma. Nimempelekea Pascal disketi mwenyewe, kisha nikapata nafasi kwenye gari la dawa hadi hapa. Nilitaka kuona rafu. Zina dawa.

Muuguzi wa kituo, Espérance, ndiye aliyenieleza, huku akifunga sindano kwenye kitambaa. Wiki ile ya sifuri kulikuwa na mwanamke mjamzito, homa kali. Walimbeba kwa machela kuelekea Muyinga. Hakufika.

"Sindano nilikuwa nayo," alisema. "Maji ya dripu nilikuwa nayo. Dawa haikuwako."

Nikamwomba anipeleke kwao. Ni karibu, chini ya migomba. Mume wa marehemu alikuwa akianika maharage. Espérance alimwambia mimi ni mtu wa ile mashine ya dawa. Nilikuwa na maneno mengi. Nilimpa pole, nikasema kulikuwa na ukurasa, na kwamba waliukata. Sijui alielewa nini. Nilitaka anitukane. Nilitaka aulize jina la Mkuu, ningelitaja.

Aliacha kuanika, akauliza.

"Sasa dawa iko?"

"Iko."

"Ni vizuri," akasema.

Akaniletea kigoda. Tukaketi, sote watatu, tukachambua maharage hadi gari lilipopiga honi.