Maziwa ya Jumamosi

Jumatano, mwezi wa tano, 1957. Shambani, Bahati. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Nimekaa na daftari hili kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Leo nimegundua kwamba nimemsingizia mtu wizi, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nianze na somo. Ninasoma kwa posta, nikitumaini siku moja niuache ukarani wa maziwa hapa shambani niwe mwalimu. Mchana karatasi za zoezi langu la hoja zimerudi kutoka Nakuru zimejaa wino mwekundu. Swali la tatu lilisema hivi: tangu mpishi mpya aajiriwe, sukari ya nyumba inaisha upesi, kwa hiyo mpishi anaiba. Chagua jambo ambalo, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja hiyo. Nilichagua kwamba mpishi ni mtu wa kanisa. Kosa! Jibu lilikuwa kwamba wiki ileile alipoajiriwa, wageni wanne walihamia nyumbani humo. Kando mwalimu ameandika: "Wema wa mtu hauvunji hoja. Uliza ni nini kingine kilichobadilika."

Nilikasirika, nikamwona mwalimu huyo ana roho mbaya. Halafu nikamkumbuka Koech.

Koech hukamua ng'ombe wa banda la pili Jumamosi tu, kwa kuwa Isaya, mkamuaji wa siku nyingine, ni Msabato na siku hiyo hagusi kazi. Tangu Koech aanze, mwezi wa pili, maziwa ya Jumamosi yamekuwa yakipungua. Niliona mimi, maana kitabu cha maziwa ni changu. Wiki jana nikampelekea Bwana, mzungu mwenye shamba, hoja yangu: maziwa yanapungua Jumamosi, Jumamosi ni ya Koech, basi Koech anayauza njiani. Bwana akanipigapiga begani, nami nikavimba kichwa. Koech alipoitwa alisema tu kwamba hakuiba. Nikacheka moyoni, kwani mwizi gani hukubali? Jumatatu nikaandika barua yake ya kuondoka, yenye neno mwizi. Kwa barua ile hakuna shamba kutoka hapa hadi Ndabibi ambalo lingempokea na mke na watoto wake watatu. Alipewa hadi leo jioni kuhama, na barua akabidhiwe akitoka.

Ni nini kingine kilichobadilika?

Josho.

Mwezi huohuo wa pili ndipo josho jipya lilipoanza kazi. Kila Ijumaa ng'ombe wa banda la pili huswagwa maili tatu kwenda kuogeshwa dawa ya kupe na maili tatu kurudi, wameshinda bila kula vizuri. Banda la kwanza huenda Jumanne. Nilifungua kitabu. Banda la kwanza maziwa hushuka kila Jumatano, hata leo yameshuka. Nimeyaandika mwenyewe wiki baada ya wiki. Lakini banda lile hukamuliwa na Mzee Wekesa siku zote, hakuna mgeni wa kushuku, kwa hiyo sikuwahi kutazama. Naye Koech angejiteteaje? Anakamua Jumamosi tu, hajui siku nyingine ng'ombe wale hutoa kiasi gani.

Nilikimbia kwenye mvua bila koti hadi ofisini.

"Karani, wewe nataka nini?" Bwana aliuliza.

Nikamwonyesha kitabu, Jumatano na Jumamosi, nikamweleza habari ya josho. Alizifuata tarakimu kwa kidole. Akaichana barua.

"Koech nabaki. Wewe akili mingi sana, karani."

Nimesifiwa mara mbili kwa jambo lilelile! Nilitoka pale nimeduwaa.

Nilidhani mshtuko umeisha. Saa kumi Koech akabisha mlangoni kwangu, amelowa chapa, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Alikuwa na macho mekundu.

"Karani, Bwana ameniambia ni wewe umenitetea," alisema. "Kuna mtu alinichomea kwa Bwana, akamwambia naiba, sijui nilimkosea nini. Wewe umenitoa kwa shimo. Mama watoto alikuwa amefunga vyombo tayari. Amesema nikuletee hii."

Kumbe hakuambiwa kwamba mtu huyo ni mimi. Nilipokea kibuyu kwa mikono miwili. Nikasema asante, msalimie mama watoto.

Hayo tu.

Kibuyu kiko hapa mezani, sijakifungua. Naona haya, haya ya kweli. Kesho asubuhi, kabla sijashika kitabu cha maziwa, nitakwenda nyumbani kwake nimwambie mbele ya mkewe ni nani aliyemchomea. Nimeshaliandika hapa, sasa siwezi kusema sikuliwaza.

Lakini leo alisimama mlangoni pangu, tuko wawili tu, akaniambia hajui alimkosea nini mtu huyo. Nami nikamwambia asante.