Nelvine na Sindano Zake

Jumatatu, 12 Mei 2025

Tumerudi nyumbani Merigi kutoka hospitalini. Nelvine amelala kitandani kwake, anapumua vizuri. Asante Mungu!

Miaka tisa tu. Alikuwa anakunywa maji kama ndama, anakojoa kila saa, nguo zinamwanguka. Sisi tukasema minyoo. Halafu akazimia shuleni.

Daktari alisema ni kisukari. Nikamwambia hicho ni cha wazee! Akasema hapana, aina hii huanza utotoni. Mwili umeacha kutengeneza insulini. Si kwa sababu ya peremende, si kosa la mtu. Sindano kila siku, maisha yake yote.

Mke wangu Drusilla alilia. Nelvine aliuliza kitu kimoja tu — atarudi shule lini.

Alhamisi, 15 Mei

Drusilla alienda kuchuma chai mapema, kwa hivyo sindano ya asubuhi ilikuwa yangu. Mimi ninayeshika fahali pua daktari wa mifugo akimtibu — niliishika sindano, nikairudisha mezani!

Nelvine akaniangalia. "Baba, enda ukamue ng'ombe. Nitajidunga."

Sikuenda. Akafinya ngozi ya tumbo. Akangoja kidogo, ulimi nje, kama anayetunga uzi. Akadunga. Akasema imeisha, chai iko wapi?

Nilitoka nje. Nilisimama kati ya michai mpaka macho yakauka.

Jumapili, 25 Mei

Mama yangu alikuja baada ya kanisa. Ameambiwa na watu kwamba sindano zinamfunga mtoto asipone, kwamba aombewe na aziache. Nilitaka kujibu kwa ukali. Nelvine akanitangulia, akamgeukia nyanya yake kwa heshima kabisa:

"Kogo, niombee. Lakini nikiacha sindano, nitakufa."

Mama akamvuta karibu, akamwombea kwa muda mrefu, mkono kichwani. Kisha akauliza dawa inakaa wapi, maana hatuna friji. Jioni akatuma vyungu viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, katikati mchanga wa kumwagia maji ili dawa ikae baridi. Huyo ndiye mama yangu!

Jumatano, 4 Juni

Mwalimu Akello alipiga simu. Roho ikaruka. Kumbe Nelvine alianza kutetemeka na kutoka jasho wakati wa hesabu — sukari imeshuka. Alisimama mwenyewe, akasema, "Mwalimu, naomba kukaa ninywe glukosi." Akanywa. Darasa zima macho kwake. Alipopata nguvu akawaeleza yote: sukari ikishuka wafanye nini, wamwite nani.

Mwalimu anasema sasa watoto wanagombania nani atambebea glukosi. Mmoja ameuliza huo ugonjwa unapatikana wapi. Nilicheka hadi ng'ombe akageuka.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua. Chepyegon, mdogo wake Nelvine, amekojoa kitandani. Ana miaka sita, aliacha zamani. Nimesema ni baridi.

Drusilla alianika shuka ndani, akamtazama Nelvine.

Jumapili, 15 Juni

Hatukuenda kanisa.

Asubuhi Chepyegon alimaliza jagi la maji, akaomba mengine. Mimi na Drusilla tukaangaliana.

Nelvine ndiye aliyeinuka. Akaleta mashine yake ya kupima sukari. Akamwambia mdogo wake aoshe mikono. Chepyegon akajificha nyuma ya mamake — hataki, itauma! Nelvine hakumkaripia. Akajidunga kidole chake kwanza, akamwonyesha tone la damu.

"Unaona? Kama siafu tu."

Chepyegon akauliza kama na yeye atalala hospitali. Nelvine akafikiri kidogo. Hakumdanganya.

"Sijui. Lakini mimi nilianza peke yangu. Wewe uko na mimi."

Mtoto akatoa kidole. Nelvine ameweka sindano mpya, amedunga, tone limetoka. Drusilla amefunga macho, midomo inaomba. Naandika hapa mezani kwa sababu siwezi kuangalia matokeo. Mashine bado inahesabu. Nelvine ameishika kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika mkono wa mdogo wake — na ni yeye peke yake kati yetu anayeangalia namba —