Karai Nne za Udongo wa Dizeli

Hai Malakal, Juba

Mama,

Goti linasemaje na baridi ya Webuye? Natumai dawa ya kuchua haijaisha, na kwamba hujaanza tena kubeba maji mwenyewe wakati wajukuu wamejaa hapo nyumbani. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ikikatika, ungeanza kulia kabla sijamaliza.

Unajua tunasafisha kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta. Matangi yalizikwa pale miaka mingi, yakaoza, ardhi ikanywa dizeli na petroli. Kazi yetu ni kuuchimba udongo ule, kuutandaza juu ya maturubai, kuuchanganya na samadi na kuugeuza kwa koleo kila baada ya siku chache, ili vijidudu vya samadi viyale mafuta hadi harufu iishe. Ndiyo, Mama, ulinisomesha nije kugeuza mavi ya ng'ombe Juba. Cheka, kisha nisikilize.

Nje ya geti kuna mama anayetuuzia chai, Mama Keji. Aliishi kambini Uganda miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko. Wiki iliyopita aliniambia, "Wafula, mchwa inamaliza nyumba yangu. Hiyo udongo yenu inanuka sana, mchwa haiwezi kaa. Nipatie kidogo tu."

Nikakukumbuka ukimwaga oili chafu kwenye nguzo za jikoni kwetu, mchwa wakahama. Nikajiona mtaalamu. Injinia wetu, Nakato, alikuwa amekataza udongo usitoke nje hata kijiko kimoja, lakini mimi na kiherehere changu nikampimia Mama Keji karai nne, tena za ule uliotoka shimoni asubuhi hiyo, mkali wa kukutoa machozi. Nilidhani atauweka nje, kwenye nguzo. Sikumuuliza. Jioni Nakato akaona lundo limemegwa pembeni, nikamwambia ni ile mvua ndogo ya mchana.

Kisha mvua ikanyesha kweli, siku mbili mfululizo, na Mama Keji hakuja kuuza chai. Siku ya pili nikaenda kumjulia hali. Nilipousukuma mlango, harufu ilinirudisha nyuma. Mama, alikuwa ameisiriba sakafu nzima kwa udongo ule, akailainisha kwa mkono vizuri kabisa, kama unavyofanya wewe Krismasi ikikaribia. Mjukuu wake Poni, wa miaka miwili, alikuwa amelala juu yake kwenye mkeka, ametapika, macho mazito. Na bibi yake amechutama, kiberiti mkononi, anataka kuwasha jiko mle mle ndani kwa sababu ya mvua.

Nilimpokonya kiberiti, nikambeba Poni hadi nje kwenye mvua. Mama Keji akanifuata akipiga kelele, "Wewe iko na wazimu? Mtoto iko mgonjwa!" Nikamwambia udongo ndio unaomuumiza, na kwamba petroli iliyomo ingeweza kushika moto wakaungua wote wawili. Akampokea Poni mikononi mwangu, akaniuliza:

"Na wewe ulikuwa unajua, ukanipatia?"

Nilimjibu kwamba nilijua ni mbaya. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Poni yuko zahanati, ameanza kunywa uji, Mungu asifiwe. Njia ya mwongo ni fupi, Mama, kwa hiyo nilimwendea Nakato nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa mvua. Aliketi juu ya ndoo. Kazi yangu tutaizungumza baadaye, alisema. Kwanza alitaka kujua udongo wote uko wapi. Tukabandua sakafu ya Mama Keji, tukapima. Haukufika hata karai mbili.

Hapo maji yakanifika shingoni. Kumbe majirani walikuja kumsaidia kusiriba, na mtu aliyekusaidia huwezi kumrudisha mikono mitupu. "Mchwa iko kwa kila mtu," Mama Keji aliniambia. "Mimi nilipatia wote. Lakini mmoja alikuja na shangazi yake, huyo shangazi mimi sijui nyumba yake."

Tangu jana tunazunguka nyumba kwa nyumba. Mama Keji anatangulia kueleza kwa Kiarabu cha Juba, mimi napiga magoti na kunusa sakafu za watu. Wengine wananicheka, mpaka asimulie habari za Poni. Tumepata nyumba mbili, tumezibandua. Karai moja bado haijulikani ilipo.

Msalimie baba mdogo Simiyu anayetuchungia ng'ombe, na dada Nasimiyu fundi cherehani. Mke wangu Nekesa mwambie niko salama, hayo mengine nitamwambia kwa kinywa changu. Na ile oili, Mama, nakuomba, usiimwage tena karibu na mahali watoto wanapolala.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini Mama Keji yuko mlangoni. "Wafula, kuja haraka! Iko nyumba moja mtaa ya Atlabara, wamesiriba juzi. Iko na mtoto mdogo." Mvua imeanza tena, na watu wanaingiza majiko ndani. Niombee, nakimbia.

Mwanao,
Wafula