Mikorosho ya Bi Somoe

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua hii nimempa mwalimu mmoja wa hapa anayekuja likizo Muleba, maana kwenye simu kila tukifika kwenye la maana mtandao unakata. Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi huku Marambo ni mzima, ila ndizi za kupika nimezisahau hata sura.

Uliniuliza mkataba ukiisha nitarudi au vipi. Hata mimi najiuliza. Sisi vijana tulioajiriwa na ule mpango wa serikali wa kuwaelekeza wakulima tulipewa msimu mmoja tu wa korosho, na kama tutaongezewa hakuna anayejua. Nina hamu ya kujua wenzangu wataishia wapi. Aliyepangiwa Mbekenyera kashanunua pikipiki, jioni anabeba abiria. Wa Kilimarondo aliondoka baada ya tembo kuingia shamba la jirani yake. Mpango ni ule ule, mshahara ni ule ule, na kila mtu katoka kivyake.

Habari yangu mimi ilianza kwa swali. Nilikuwa nawaelekeza wakulima kupogolea mikorosho, kuipunguza matawi, mzee mmoja akaniuliza, "Bibi Shamba, wa kwako mkorosho uko wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini lilinichoma. Mtoto wa migomba mimi, mkorosho nimeanza kuuona chuoni kwenye picha. Nikamsimulia mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, mjane. Akanionyesha mikorosho yake iliyotelekezwa nyuma ya nyumba.

"Mi siiwezi tena hii. We ihudumie, tukivuna tugawane."

Nikaingia na msumeno. Kwetu mgomba ukishazaa unakatwa, nani anauliza? Nikakata matawi makavu na yaliyoburuta chini, nikayapanga vizuri uani. Kesho yake mtendaji wa kijiji huyo mlangoni, na wazee nyuma yake.

"Tumeambiwa unachoma mkaa," akasema kwa upole wa kutisha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Somoe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mkaa gani? Mwenzenu ananyoa miti. Subirini mwone."

Basi wakasubiri. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, napulizia salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, na wanaokwenda mashambani wanasimama njiani kuchungulia. Sasa miti imetoa maua kila upande. Juzi yule mzee wa swali kaja, kaizunguka yote, kaenda zake. Jana kaja na msumeno wake nikamwelekeze. Furaha niliyoipata sijaipata hata siku ya mshahara.

Lakini maua si korosho. Ugonjwa wa ubwiri, huo ukungu mweupe, ukiyashika wiki hizi yatakauka yote, nami nitabaki sina kazi wala mavuno. Naogopa, Mama, sikufichi. Ila miti iliyotelekezwa hairudi kwa msimu mmoja, na nataka kuona mwakani itazaaje. Hilo siwezi kuliona nikiwa Muleba. Bi Somoe anasema, mkataba uwepo usiwepo, chumba ni changu.

Nisalimie Bibi, na shangazi wa kwaya, na kaka fundi seremala. Baba msalimie kwanza, ndipo umsomee barua. Na kile kibanja cha migomba mlichonitengea, mpeni mdogo wangu Justa. Msinitunzie tena.

Mwanao,
Koku