Siku Fuawe Walipoita Mandazi

Mpenzi Baba Neema,

Nimetumwa kwako. Nina ujumbe mfupi kutoka kwa mwanao, na tangu jana unanichemka kifuani kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Ningeweza kukupa sasa hivi tukamalizana, lakini unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba ukiniuliza saa ngapi, nitaanza na duka iliponunuliwa saa yenyewe. Basi vumilia kidogo. Huko uliko huna basi la kuwahi.

Ni habari za Fuawe.

Najua umeinua kichwa. Timu yako ilikufa changa mno, hata ukiwauliza watu wa Small Heath, hapa Birmingham, leo watakuapia kwamba hapajawahi kuwa na timu ya mpira wa Kimarekani hapa. Uliyatabiri hayo mwenyewe, tukiwa ndani ya basi tukitoka mechi ya mwisho. Ulisema, "Mama Neema, hakuna mtu atakayekumbuka kwamba tulikuwepo." Nikakujibu mimi nitakumbuka. Ukasema, "Wewe ni mke wangu, umelazimika." Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii, nikitafuta la kukujibu.

Unakumbuka ulivyoniletea habari ya timu? Nilikuwa napiga pasi sare yangu ya hospitali. Ukaingia jikoni na viatu vya matope, jambo nililokukataza tangu tuoane, ukasimama katikati ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. "Nimechukuliwa," ukasema. "Mimi sasa ni mchezaji wa kulipwa." Wewe, uliyeacha raga Nakuru kwa sababu ya goti, uliyekuwa ukishuka ngazi za ghala lenu kazini kama mzee wa kanisa. Ukanieleza kwamba kuna mwenye duka la vigae pale Coventry Road anayeupenda mchezo wa Wamarekani kupita kiasi, na ameamua kuunda timu, na kila mchezaji atalipwa kwa mechi. Nikauliza atalipwa nini. Ukasema nisiharibu furaha.

Malipo yenyewe yalitosha kuku mmoja, tena si wa kunona. Lakini ulitembea kifua mbele mpaka muuza ndizi akajua una mkataba. Timu ikaitwa kwa Kiingereza jina la fuawe, kile chuma ambacho mhunzi huweka kitu juu yake na kukiponda, kwa kuwa mji huu ulijengwa na wahunzi. Mimi nikasema jina hilo mmejitakia wenyewe, maana kazi ya fuawe ni kupigwa. Na kweli mlipigwa. Mlipigwa nyumbani, mlipigwa ugenini, mlipigwa kwenye mvua na siku ile moja ya jua.

Nami nilikuja kila mechi, zamu isiponishika, na Neema nikimfunga blanketi, na bakuli la mandazi mapajani. Ilinichukua muda kuelewa kazi yako. Wenzako walikimbia na mpira, wakarusha, wakadaka, wakapigiwa makofi. Wewe uliinama. Uliinama katikati ya mstari, ukapitisha mpira nyuma katikati ya miguu kwa Yusuf, halafu mtu mwenye uzito wa kabati akakuangukia. Nilikuuliza kama hapakuwa na kazi nyingine. Ukasema bila wewe mpira haujaanza. Ulisema kwa majivuno kabisa, ukiwa na barafu shingoni.

Yusuf wa Eastleigh ya Nairobi, aliyepitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, ndiye alikuwa mrushaji wenu. Jumapili moja mlikaa mezani kwangu mkiwa mmevunjika moyo, kwa sababu wapinzani walikuwa wakisikia kocha wenu anavyoita mbinu na kujua kinachokuja. Mkaanza kusogeza vikombe vyangu vya chai kana kwamba ni wachezaji. Mkavijaza vyote katikati na kuulizana mtaiitaje hiyo ili mtu mwingine asielewe. Nikasema kutoka kwenye jiko, bila hata kugeuka, "Si hiyo ni githeri? Mahindi na maharagwe, kila kitu kimechanganyika pamoja." Mkaacha vikombe, mkanigeukia. Halafu Yusuf akasema, "Sister, rudia."

Basi ikawa hivyo. Watu watatu kukimbilia pembe tatu ikawa sambusa. Kusukumana mbele moja kwa moja bila akili ikawa ugali. Na ile ya hila, ambapo wote mnakimbilia kulia kana kwamba mpira uko huko kumbe Yusuf amebaki nao mkononi, niliipa jina mwenyewe na mpaka leo naringia: mandazi. Imefura nje, ndani ni hewa.

Mechi iliyofuata mlianza kuita vyakula. Nilicheka mpaka Neema akauliza, "Mum, why is Uncle Yusuf shouting lunch?" Na ilikuwa Ramadhani. Maskini Yusuf, kinywa kikavu, mchana kutwa anapiga kelele za sambusa mbele ya umma. Ukamwuliza kama hiyo haipunguzi swaumu. Akasema, "Bro, nikitaja ni sawa, shida ni nikinusa, so mwambie Mama Neema afunike hiyo bakuli."

Lakini Kiswahili, Baba Neema, si siri ya watu wawili. Hilo mlilisahau. Mlikuwa mnacheza na timu ya mji wa jirani, mmejaa uhakika, na katikati ya mchezo ukamgeukia Yusuf ukasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kutoka ukingoni: "Tupitie hapa kwangu, huyu mnene amechoka." Na yule mnene, aliyekuwa ameinama pua kwa pua na wewe, akajibu pole pole: "Muko nasema miye nimechoka? Sijachoka, ndugu. Mulete tu."

Sitasahau mgongo wako ulivyoshtuka. Yusuf akaketi chini kwa kicheko. Refa akapuliza filimbi akitaka kujua nani ameumia, na hakuna aliyeweza kumweleza. Wakawasukuma nyuma siku hiyo mpaka ikawa aibu, kwa sababu yule mnene, Ilunga, Mkongomani wa Balsall Heath, alikuwa ameelewa menyu yote tangu mwanzo, isipokuwa githeri, ambayo kwao hawaiiti hivyo. Mechi ikaisha akaja moja kwa moja kwangu, akachukua mandazi bila kukaribishwa. "Mama, hii iko muzuri sana, vraiment," akasema. "Lakini ya bwana wako kule uwanjani, ile nayo nimekula yote." Kuanzia siku hiyo nikawa napika kwa mtu mmoja zaidi.

Msimu wa pili haukumalizika. Mwenye vigae alikuja mazoezini, akavua kofia yake, akasema duka limemlemea na hawezi tena. Alilia, masikini, kuliko nyinyi. Ikabaki mechi moja, na nani wa kucheza naye? Timu ya Ilunga. Nilikuja na Neema na blanketi letu, moyo ukinidunda kama mimi ndiye niliyevaa helmeti. Mlikuwa nyuma, na mchezo ulibakiza pumzi moja tu. Nikakuona ukimnong'oneza Yusuf, kwa mara ya kwanza katika maisha yako umenong'ona. Kisha Yusuf akapaza sauti ili hata Kings Heath wasikie: "Mandazi!"

Ilunga akatabasamu. Aliijua hiyo. Akawapungia wenzake wasidanganyike na wale wanaokimbilia kulia, akawaita wote wabaki kushoto kumsubiri Yusuf. Ila safari hiyo mpira ulikwenda kulia kweli. Baadaye ulinieleza ulichonong'ona: "Leo tuyatie nyama ndani." Nilimwona kijana wenu akivuka mstari peke yake, hakuna hata nzi wa kumgusa, na wewe ukiwa umelala juu ya Ilunga nyote wawili mkitetemeka. Nilidhani mmeumizana. Mlikuwa mnacheka.

Mlishinda mechi ya mwisho ya timu ambayo kesho yake haikuwepo. Tulipanda basi ukiwa na helmeti mapajani, na Neema amelaza kichwa juu yake, macho amefumba. Hapo ndipo uliposema lile neno lako. Sikuona kama kuna mwingine anayesikia.

Unajua yaliyofuata. Moyo wako ulikuwa na haraka kuliko sisi. Ilunga na Yusuf walilibeba jeneza lako pamoja na ndugu zako, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Ilunga amechoka. Kuna utani wako mmoja uliobaki nyumbani ukinichoma. Ulipokuwa ukimwuliza mtoto, "Umeshiba?" naye akajibu, "I'm full, Dad," ulikuwa ukinigeukia na kusema, "Huyu nitakufa kabla hajanijibu Kiswahili." Ulisema ukicheka. Nilikuwa na hasira nawe kwa utani huo muda mrefu, nakuambia ukweli.

Sasa njoo nikupeleke jana.

Neema amekuwa mrefu kuliko mimi, ana mabega yako, na Mungu amsaidie, ana domo langu. Mwaka huu aliniambia anajiunga na timu ya wasichana ya mpira wa Kimarekani. Nikasema hapana. Mimi ni nesi, nimeiona mifupa. Akasema huu wao hauna kuangushana, kila mchezaji anavaa vitambaa kiunoni, na mpinzani akichomoa kitambaa basi umekamatwa. Nikasema hapana tena, kwa sauti ndogo kidogo. Akasema kocha ni Papa Ilunga. Hapo ningesema nini?

Tangu hapo kila Alhamisi ananiomba nikaange mandazi mengi ya kupeleka mazoezini. Nikadhani ni ulafi wa vijana. Nilikaanga, nikanung'unika, nikakaanga.

Jana nilitoka zamu ya asubuhi, nikaenda uwanjani Kings Heath na koti juu ya sare. Mvua ile yetu isiyonyesha wala kuacha. Nilifika mchezo ukielekea kwisha, na wasichana wetu walikuwa nyuma. Ilunga, ambaye sasa ana mvi na tumbo la heshima, akapiga kelele kutoka ukingoni, "Bon, kapteni, sasa tunafanya nini?" Na kapteni ni nani? Ni mwanao, Baba Neema. Akawakusanya wenzake vichwa pamoja, mikono mabegani. Kuna binti wa Kipakistani wa mtaa wetu, kuna dada wawili Wasomali, kuna mmoja mwekundu wa nywele ambaye ni Mwingereza mpaka ukucha. Wakajipanga. Neema akanyoosha kidole kulia, akaita.

"Mandazi!"

Na wote, Baba Neema, wote, kwa lafudhi zao zote za Birmingham, wakaitikia, "Mandazi!"

Mimi sikumfundisha. Nilimtazama Ilunga nikifikiri ni kazi yake, naye akatikisa kichwa, mkono kifuani. "Si miye, Mama Neema. Siku ya kwanza alipoifundisha wenzake nilikaa chini kwenye majani. Miye nilisema huyu amelisikia wapi?" Alilisikia ndani ya blanketi. Mechi zote zile nilizodhani mtoto ana baridi na usingizi, alikuwa anajifunza kazi.

Wasichana wakamiminika kulia wakipiga mayowe, na timu nzima ya wenzao ikawafuata. Neema akabaki amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya dukani, mpira ameuficha tumboni. Kisha akageuka kushoto akakimbia. Hakuna mkono uliokigusa kitambaa chake. Nilipiga vigelegele, mimi Mkristo mtulivu wa kwaya, nikamkumbatia baba mmoja Mwingereza nisiyemjua na kumwaga chai yake yote, naye akanishukuru.

Akavuka mstari. Wenzake wakamwangukia. Nikasubiri, kwa sababu ninajua kinachofuata: atakuja na kusema, "Mum, did you see that?" nami nitajibu kwa Kiswahili, kama tunavyoishi siku zote, kila mtu upande wake wa mto.

Alikuja matope mpaka masikioni. Akanishika mikono yote miwili. Akahema, akatafuta maneno, nikaona anayatafuta, nikajizuia nisimsaidie. Na huu ndio ujumbe niliotumwa, Baba Neema, uupokee kama nilivyoupokea, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa na kwa macho yako:

"Mama, mwambie Baba bado tuko."

Basi nimefikisha. Lala salama, mchezaji wangu wa kulipwa. Mimi naenda kununua unga, maana Alhamisi haiko mbali na timu yako inakula sana.

Mkeo asiyelazimika,
Mama Neema