Mkono Juu ya Kikombe

Jumatatu, mtaa wa Dallas, Embu. Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi na nguo nilizofua Ijumaa bado zinanuka unyevu. Lakini leo sina ugomvi na hali ya hewa. Nina furaha ya kujigamba, na kwa kuwa ofisini hakuna wa kumjigambia, najigamba hapa.

Nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hakuna la kusimulia.

Mama anaishi Mikinduri, kule Meru, na ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tatu sasa. Miezi miwili iliyopita niliona kwenye simu watu wakisifu chai ya kuchachusha, eti inashusha sukari mwilini. Nikapewa na rafiki ule utando wake wa kuichachushia, nikapika chai ya rangi, nikatia sukari ya kutosha kwa sababu utando huo hula sukari, nikafunika mtungi kwa kitambaa. Siku ya tatu nikaonja, nikakuta imeanza kuwa kali. Mimi nimelelewa na uji wa kuchachusha, ule tunaouita ucuru, na ucuru siku ya tatu huwa tayari. Nikajaza chupa mbili nikampelekea Mama, nikijiona daktari.

Mama alionja akafumba jicho moja.

"Hii imechachuka vizuri, mwari wangu. Sukari imeisha huko ndani."

Nikakubali. Kwetu kitu kikiwa kichungu au kichachu, tunaamini kinakata sukari, na hakuna anayeuliza kinaikata vipi.

Nilichokosa kujua ni kwamba Mama alianza kunywa chai tamu kwa watu bila wasiwasi, kisha akirudi nyumbani anashushia na ile yangu. Baadaye akaona hata kidonge cha jioni hakina kazi, akakiacha. Siku ya kliniki mashine ilitoa namba iliyomfanya nesi avue miwani. Alipoonyeshwa chupa, aliniuliza nimeichachusha siku ngapi.

"Tatu? Hapo mnakunywa maji ya sukari."

Akatueleza bila kutugombeza. Utando hula sukari polepole, na hata baada ya wiki nzima sehemu ya sukari hubaki. Utafiti kuhusu chai hiyo na sukari ya mwilini bado ni mdogo. Huenda ikasaidia kidogo, huenda isisaidie, lakini haichukui nafasi ya dawa.

Nililia kwenye choo cha kliniki, nikanawa uso, nikatoka.

Tukiwa njiani kurudi, Mama aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Yuko kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, na kazi yao kubwa ni kutembelea watu. Katika nyumba zetu sukari hutiwa kwenye sufuria, kwa hiyo chai hufika mezani ikiwa tamu tayari, na ukikataa kikombe umemkataa mwenye nyumba. Wenzake hawakujua anaumwa. Aliogopa wakijua wataanza kumwonea huruma na kumwacha nyumbani kila safari. Ndiyo maana aliipenda sana chai yangu. Ilimruhusu kuendelea kunyamaza.

Sasa, Jumamosi. Kikundi kilienda Kangeta kumwona mtoto mchanga wa binti ya mmoja wao, na mimi nikaandamana na Mama. Mwenye nyumba akaanza kumimina chai. Alipofika kwa Mama, Mama akaweka mkono juu ya kikombe.

"Mama Kinya, huwezi toka kwangu na mdomo mkavu."

"Sitoki bila kunywa. Lakini nipikie isiyo na sukari. Mimi niko na ugonjwa wa sukari, nameza dawa asubuhi na jioni."

Akina mama wote wakageuka kumtazama. Mimi Kinya, ambaye hujifanya sina haya, niliangalia viatu vyangu. Mama hakuangalia chini. Alikaa wima na mkono wake pale pale, mpaka mwenye nyumba akacheka kidogo akasema, "Si ungesema mapema," akarudisha sufuria jikoni.

Chai hiyo ilichukua muda. Ilipoletwa, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita paredi, alisukuma kando kikombe chake kilichojaa akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Nipimie hiyo ya Mama Kinya." Halafu mwingine, aliyekaa karibu na mlango, akanyoosha chake pia. Hakuna aliyewauliza kwa nini.

Ninajivunia Mama mpaka kifua kinauma.

Leo asubuhi amenipigia simu: amepima, imeshuka. Sijui ni vidonge au ni vikombe alivyokataa. Najua si chai yangu, maana tangu kliniki hajaionja, na hata chupa niliyoenda nayo Kangeta kwa mazoea haikutoka mkobani. Mtungi mpya umefika siku ya kumi na sasa ukali wake unanifumbisha macho yote mawili. Tutauliza kliniki kama anaweza kuonja, na kiasi gani, lakini vidonge haviguswi.

Kuna kitu kimoja nimekuwa nikikizunguka tangu nianze kuandika. Mimi ni mtoto wa mgonjwa wa sukari, nimechachusha chai, nimesoma kila kitu kwenye simu, na sijawahi kupimwa hata mara moja. Naogopa namba.

Kesho asubuhi, kabla sijatia chochote mdomoni, naenda kupimwa. Saa nne, chai ya ofisini ikija na sukari yake, nitaweka mkono juu ya kikombe.