Mistari Niliyoiunganisha

Winfrida mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, mihogo iko kwenye sufuria. Usianike dagaa, kumetanda upande wa Kongo.

~~Leo baki tu nyumbani, nitasema unaumwa.~~ Hapana, nimeghairi. Unaamka, unavaa sare, unaenda shule.

Najua umeninunia. Jana steshenari, wateja walipoisha, nilichapa hadithi yako ya mashairi, ile mwalimu aliyowaambia mtunge kama kitabu mnachosoma. Nikaona mistari mifupi mifupi, mwingine neno moja tu, nikasema huyu mtoto anachezea karatasi. Nikaiunganisha yote ikawa aya moja. Asubuhi umeiona, ukalia, ukajifunika shuka. Na mimi badala ya kukubembeleza nikafoka: "Si maneno ni yale yale?"

Ulipogeukia ukutani nilichukua daftari lako, nikasoma kwa sauti ndogo, nikinyamaza kila ulipokata mstari:

Baba alivuka ziwa.
Alisema
kesho.

Ilibidi nikae chini, mwanangu. Sikujua kwamba na wewe bado unaisubiri.

Nimewahi steshenari kule Gungu kuichapa upya, mstari kwa mstari. Daftari ninalo, usilitafute. Kabla ya kipindi cha Kiswahili nitakuwa getini shuleni kwenu, hata mvua inyeshe na bodaboda wagome.

Na hiyo "kesho" yako haiguswi. Hata ikitaka ukurasa mzima peke yake, inapata.

Kunywa chai kwanza.

Mama,
mchapaji wako